Mama Anayesoma Asinyang'anywe Wimbo Wake

Juma hili Kona yetu inajibu swali moja tu. Ni swali zito, na limetufikia zaidi ya mara moja kwa midomo tofauti.

Mama mmoja mwenye watoto wanne alisimama mwisho wa mkutano wa kikundi chake akaeleza shida yake. Masomo yake ya sekondari yalikatika: kwanza vita, kisha kambi, kisha ndoa. Sasa anasaidia katika darasa la watoto wadogo, lakini bila diplome anabaki kuwa msaidizi, na kila mwaka wa shule unapoanza anaogopa kwamba mwenye karatasi atakuja kuchukua nafasi yake. Ameamua kufanya mtihani wa serikali, Exetat, kama otodidakti, yaani mtahiniwa anayejisomea mwenyewe nyumbani. Anafungua kaye usiku watoto wakisha kulala. Na tena ni mwimbaji. Ndiye anayeanzisha nyimbo katika kwaya, na ndiye anayetungia kikundi wimbo mpya kila mwaka kwa ajili ya Machi 8. Wifi yake amemwambia mbele ya watu: "Mshika mbili moja humponyoka. Chagua, diplome ama nyimbo." Bwana yake alikuwa pale, hakusema neno. Basi mama akatuuliza: "Niache kuimba mpaka nipate diplome?"

Badala ya kuimba, mwingine ataweka kufuma vitambaa kwa kroshe, mwingine kusuka vikapu, mwingine kucheza ngoma, mwingine kudarizi mashuka. Badala ya Exetat, binti yake ataweka mtihani wa uuguzi au mitihani ya chuo. Swali ni lile lile: mama akishika kitabu, ni nini anachopaswa kuweka chini?

Jibu letu ni hili: asiweke chini wimbo wake. Kabla ya kumnyang'anya mama kile kidogo kinachompa furaha, nyumba nzima itazame kwanza mizigo mingine aliyobeba, na iulize kwa nini yote iko juu ya kichwa chake peke yake.

Methali ya wifi ni ya kweli, hatuikatai. Lakini mtazame mama yeyote anayepanda kutoka ziwani asubuhi. Mtoto yuko mgongoni, beseni la ndagala liko kichwani, bidoni ya maji iko mkononi. Hakuna anayemwambia pale kwamba mshika mbili moja humponyoka. Methali hiyo inakumbukwa siku mama anaposhika kitu kilicho chake mwenyewe.

Mtihani wenyewe unadai nini

Tusidanganyane, Exetat si mchezo. Ni mtihani wa nchi nzima, na swali linaloulizwa Kinshasa ndilo linaloulizwa Baraka. Otodidakti anaanza na jaribio la awali, maana hana shule inayomjua. Kisha inakuja disertasyo, ambayo inaandikwa wiki chache kabla ya mtihani wenyewe, kwa Kifaransa. Halafu zinakuja siku nne za kikao cha kawaida, ambamo mtahiniwa anajibu maswali ya kuchagua katika utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya option yake. Ili kufaulu lazima ufikishe 50 kwa mia.

Kwa hiyo mama anayetaka karatasi hiyo anahitaji mambo matatu. La kwanza ni habari sahihi. Aende mapema, mwaka wa shule unapoanza, kwenye ofisi ya su-divizyoni ya elimu, aulize tarehe za kujiandikisha, karatasi zinazotakiwa na gharama. Asitegemee maneno ya sokoni, na asimpe franka zake mtu anayesema "nitakupitishia". La pili ni vitabu na kaye za miaka iliyopita, hata za kuazima kwa kijana wa jirani aliyemaliza juzi. La tatu ni saa za kusoma, na hapa ndipo ugomvi wa nyumba unapoanza.

Tuhesabu saa

Tulikaa na mama huyu tukaandika juma lake kwenye karatasi moja, siku kwa siku. Fanyeni nyumbani kwenu, mtashangaa.

Kuchota maji, safari za asubuhi na jioni: saa moja na nusu kila siku. Kwa juma ni zaidi ya saa kumi. Kutwanga sombe, kusonga bukari, kupika na kuosha vyombo: saa tatu kila siku, yaani saa 21 kwa juma. Kufua: asubuhi mbili. Shamba la mihogo: siku mbili. Darasa la watoto: asubuhi tano. Kuna pia soko, wagonjwa, wageni na misiba. Mwisho kabisa tukaandika kwaya: mazoezi mara mbili kwa juma, saa moja na nusu kila mara. Jumla ni saa tatu.

Sasa tuulize kama watu wenye akili. Mama huyu anahitaji kama saa nane kwa juma za kusoma. Akiacha kuimba anapata tatu, na bado tano zinakosekana. Lakini nyumbani mwake kuna vijana wawili, mmoja wa miaka 14, mwingine 12, wenye nguvu ya kucheza mpira mpaka giza. Vijana hao wakichota maji, mama anapata zaidi ya saa kumi bila kugusa wimbo hata mmoja. Hesabu hii haihitaji diplome.

Yule aliyesema "acha nyimbo" hakuwa na nia mbaya. Aliona kitu kinachoonekana. Kwaya inaonekana, kwa sababu mama anavaa kitenge kizuri, anatoka nyumbani, anasikika akicheka. Maji hayaonekani, kwa sababu yako ndani ya pipa kila siku kana kwamba yameota humo.

Wimbo unatoa nini

Wapo watakaosema: sawa, maji wapewe vijana, lakini hizo saa tatu za kwaya nazo ziingie kwenye masomo. Hapana. Tuna sababu.

Kwanza, akili ya mtu si pipa la kujazwa mfululizo. Zamani, mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliandika kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri na kusahau. Aliona kwamba mtu anasahau sehemu kubwa upesi sana, na kwamba kurudia somo kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kunashinda kulirundika kwa siku moja. Wazee wetu walilijua hilo bila maabara: haba na haba hujaza kibaba. Mama anayesoma saa moja na robo jioni, akalala, kesho akarudia, anashika zaidi kuliko yule anayekesha mpaka jogoo halafu anasinzia juu ya sufuria.

Pili, furaha si anasa ya watu wenye pesa. Wengi wetu tulivuka ziwa mwaka 1996 kwenda Kigoma, tukaishi Nyarugusu, tukaishi Lugufu. Kuanzia mwisho wa mwaka 2005 meli zikaanza kuturudisha hapa Baraka, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa huko, ambao hawakuwahi kuiona Fizi. Tuliporudi hatukuwa na vyombo vingi. Lakini kila mama alirudi na nyimbo zake, na sindano yake, na hadithi za bibi yake kwa Kibembe. Katika miaka ile hakuna aliyetuambia kwamba nyimbo zinapoteza wakati. Zilikuwa zinatusimamisha. Kitu kilichokusimamisha siku ya taabu usikitupe siku ya kazi ngumu.

Tatu, kwa wengine wetu kazi ya mikono ndiyo sabuni na chumvi. Hapa lazima tutofautishe. Kitambaa unachofuma kwa sababu mtu amelipa, hiyo ni kazi, na kazi ina tarehe. Kitambaa unachofuma jioni ukizungumza na majirani, kwa kuwa rangi zinakupendeza, hiyo ni pumziko. Mama anayejiandaa na mtihani anaweza kupunguza oda, amwambie mteja waziwazi: "Mwezi huu nachukua vitambaa viwili, siyo sita." Pumziko alibakishe. Kosa la wengi ni kufanya kinyume: wanaacha pumziko, wanabaki na oda, halafu wanashangaa kwa nini kaye inawachosha hata kabla ya kuifungua.

Wako waliotangulia

Tusifikiri mambo haya yameanza na sisi. Jirani zetu wa Kenya walikuwa na daktari wa watoto, Margaret Ogola. Alikuwa mke na mama, na aliongoza nyumba ya kulelea yatima wenye virusi vya UKIMWI huko Nairobi. Katikati ya wagonjwa na watoto wake mwenyewe aliandika kitabu, The River and the Source, kilichotoka mwaka 1994. Kinasimulia wanawake wa vizazi vinne vya ukoo mmoja. Mwaka uliofuata kilipata tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi, na tena tuzo ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza kwa upande wa Afrika. Baadaye wanafunzi wa sekondari wa Kenya walikisoma shuleni na kukifanyia mtihani. Alifariki mwaka 2011. Kama kungekuwa na mtu wa kumwambia achague dawa ama hadithi, na yeye akatii, watoto wa Kenya wangekosa kitabu kile.

Huko huko Kenya, katika kijiji cha Ndalat, alikuwako Bibi Priscilla Sitienei, ambaye watu walimwita Gogo, yaani bibi. Alikuwa mkunga kwa zaidi ya miaka 60. Akiwa mzee aliingia shule ya msingi, na alipotimiza miaka 90 alikuwa bado darasani, amevaa sare, pamoja na watoto ambao baadhi yao aliwazalisha yeye mwenyewe. Alitaka kujua kusoma na kuandika ili ujuzi wake wa ukunga na dawa za miti usizikwe naye. Hakuacha ukunga ili awe mwanafunzi. Ukunga ndio uliomtuma darasani. Alifariki mwaka 2022, akiwa na miaka 99.

Na kwetu Kongo tusimsahau Sophie Kanza, aliyemaliza chuo kikuu cha Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kupata digrii ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye akawa waziri. Binti wa sasa anayeogopa mtihani akumbuke kwamba njia hiyo imekwisha kukanyagwa na mguu wa mwanamke.

Mkono wa fundi unasaidia biki

Tunaongeza jambo ambalo wengi hawalifikirii. Yale unayoyapenda yanaweza kukufundisha.

Chukua disertasyo. Wamama wengi wanaiogopa kuliko hesabu. Wanasema, "Kifaransa kimetoka kichwani." Ndiyo, kinahitaji mazoezi. Lakini disertasyo ni nini? Ni kuingia, kueleza, na kufunga. Kila mama aliyewahi kusimulia hadithi jioni anajua kufanya hivyo. Anajua kwamba huanzi na mwisho. Anajua kwamba mtoto akisinzia katikati, umeongea sana pasipo jambo. Basi kila Jumapili baada ya chakula chukua mada moja, kwa mfano "Faida ya amani katika kijiji". Iseme kwanza kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kibembe, mbele ya mtu mmoja anayesikiliza. Kisha andika mambo matatu uliyosema. Ndipo uyatie katika Kifaransa, ukurasa mmoja, sentensi fupi fupi. Mpe mwalimu au mwanafunzi wa jirani akusahihishe. Ukifanya hivyo kwa miezi mitano utakuwa na kurasa kama ishirini, na hofu itakuwa imepungua.

Chukua historia na jiografia. Mwimbaji wetu tulimwomba atie tarehe katika mahadhi ya nyimbo anazozijua: mkutano wa Berlin 1884 hadi 1885, Leopold wa Pili na nchi yake, serikali ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908, uhuru Juni 30, 1960. Sasa anatwanga sombe huku akiimba tarehe, na mtoto wake wa darasa la sita anazijua pamoja naye. Mfumaji naye, anayehesabu vitanzi vyake mstari kwa mstari, asiseme hajui hesabu. Anajua kuzidisha na kugawanya. Amezoea kuziona namba kwenye uzi, sasa azizoee kwenye karatasi.

Lakini jihadharini na jambo moja. Wimbo si lazima ulete alama ndipo uruhusiwe. Siku nyingine mama aimbe tu, bila tarehe ndani yake. Akirudi kutoka kwaya na uso uliofunguka, hiyo peke yake ni faida kwa kaye yake na kwa watoto wake.

Mapatano ya nyumba

Haya yote hayatawezekana kama mama anajificha kusoma kama mwizi. Nyumba lazima ipatane. Tunashauri mama achague jioni tulivu, siyo siku bwana amerudi ziwani bila samaki. Amwendee kwa heshima, na karatasi ya hesabu ya saa mkononi. Amweleze: nataka mtihani huu, unamalizika mwezi fulani, haya ndiyo nitakayoendelea kufanya, na haya ndiyo naomba msaada. Bwana ni mtu wa hesabu pia. Akiambiwa "nisaidie" anaweza asijue aanzie wapi. Akiambiwa "vijana wachote maji, na wewe uangalie mtoto mdogo kuanzia saa moja hadi saa mbili jioni, siku nne kwa juma", anajua.

Wababa, hapa tunawaomba kwa upole. Bwana aliyenyamaza wakati dada yake anasema, alinyamaza kwa heshima ya dada, tunalielewa. Lakini kunyamaza kwake kulisikika kama kukubali. Neno moja la baba linatosha: "Mke wangu anasoma, na anaimba, na mimi nimekubali." Wifi atasikia. Diplome ikija haitakuwa ya mama peke yake. Itaingia chini ya paa moja na watoto wenu, na karo zao, na heshima ya jina lenu.

Na wewe wifi, na wewe mama mkwe, tunawaheshimu. Wengi wenu mlinyimwa shule kabisa. Msimchukie mwenzenu kwa mlango ambao ninyi hamkufunguliwa. Mkitaka kumsaidia, chukueni kazi ndogo: kumkalia mtoto, kumpelekea mihogo mashineni. Labda mwakani naye atawafundisha kusoma ujumbe kwenye telefone bila kumwita mtoto.

Juu ya misiba na sherehe. Hapa kwetu mtu hakosi msiba, na hatusemi akose. Mama anayesoma aende siku ya kwanza, alie na waliofiwa, apeleke alichonacho, asaidie kupika. Lakini akisha kutimiza haki yake, kikundi kimruhusu arudi nyumbani, asidaiwe kila usiku wa matanga. Kwa harusi na pongezi ni rahisi zaidi: atume mchango wake na salamu.

Kikundi kifanye nini

Mkono mmoja haulei mwana. Vikundi vyetu tayari vinajua kuweka akiba na kukopeshana, na kuchezesha likelemba. Kwa mama anayesoma tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, likelemba ya saa. Kama tunavyopeana franka kwa zamu, tupeane pia jioni. Wamama watano, kila mmoja anachukua watoto wa mwenzake anayesoma jioni moja kwa juma. Mtihani ukipita naye anazirudisha jioni hizo kwa mwingine.

Pili, taa. Nyumba nyingi hazina umeme, na kusoma kwa moto wa jikoni kunaumiza macho. Kikundi kikinunua taa moja nzuri ya sola, izunguke kwa wanaojiandaa.

Tatu, mazoezi ya kwaya yapangwe saa inayomfaa. Kama yanaanza saa tisa na watu wanafika saa kumi na nusu, hapo ndipo wakati unapotea, siyo katika kuimba. Tufike kwa saa, tuimbe saa moja na nusu, tufunge.

Nne, tusimtwike kila kitu kwa kuwa anajua. Mtungaji wetu mwaka huu atunge wimbo mmoja wa Machi 8. Kufundisha, kugawa vitenge, kukusanya michango, hayo yachukuliwe na wengine. Mara nyingi kinachomchosha mwimbaji ni daftari la michango, na siyo wimbo.

Wiki za mwisho, na baada yake

Ukweli mwingine lazima usemwe. Wiki mbili kabla ya disertasyo, na tena wiki mbili kabla ya zile siku nne, mambo yabadilike. Hapo oda zisimame kabisa. Mazoezi ya kwaya yawe mara moja tu kwa juma, au mama akae asikilize bila kuongoza. Siyo kwa sababu wimbo umekuwa adui. Ni kama mvuvi anapokaribia ufuko: anaacha kutupa wavu, anashika kasia. Mwambieni mapema kiongozi wa kwaya, ili asidhani mmenuna.

Usingizi usiguswe. Mama aliyelala saa sita anasoma swali mara moja na kulielewa. Aliyekesha analisoma mara tatu, na muda unakwisha. Usiku wa kuamkia mtihani aoge, ale vizuri, atayarishe biki mbili na karatasi zake za kujiandikisha, alale. Asubuhi hiyo asiwashe moto, mwingine awashe.

Na akianguka? Tuseme wazi, inawezekana. Watu wenye akili wameanguka Exetat na kufaulu mwaka uliofuata. Siku hiyo ndipo tutaona kama tulishauri vema. Mama aliyeacha kila kitu kwa ajili ya karatasi, karatasi isipokuja anabaki mikono mitupu. Hana diplome, hana wimbo, na majirani wanamwonea huruma. Mama aliyebaki katika kwaya yake ataumia pia, atalia pia, lakini Jumamosi watamwita aanzishe wimbo, naye ataanzisha. Na anayeweza bado kuanzisha wimbo anaweza pia kufungua kaye tena mwezi wa tisa.

Kazi ya juma hili

Kila kikundi kimtafute mama mmoja, au binti mmoja, anayejiandaa na mtihani wowote: Exetat, uuguzi, chuo, hata darasa la watu wazima la kusoma na kuandika. Mkae naye mwandike saa za juma lake kwenye karatasi. Msianze kwa kuuliza aache nini. Anzeni kwa kuuliza nani nyumbani anaweza kuchukua nini. Kisha mlete majibu kwenye mkutano ujao, tutayajadili hapa hapa kwenye Kona.

Yule mama aliyetuuliza, vijana wake wameanza kuchota maji. Wanalalamika, ndivyo vijana walivyo, lakini pipa linajaa. Bwana yake ameomba naye asikie ule wimbo wa tarehe. Wimbo wa Machi 8 bado hajaumaliza, amebakiza mashairi mawili, na mada ya disertasyo ya Jumapili hii ameshaichagua.

Mbaki na amani, na mtihani uwakute mkiwa wazima.